Mafuta Yasiyo na Ladha

Nimeacha kazi kwa sababu ulimi wangu umekufa. Mikono ningali nayo, macho si haba, na miguu yanifikisha sokoni na kunirudisha bila ya kumwomba mtu bega. Lakini mwezi uliopita nilionja vyungu viwili vya mafuta, kimoja cha yaliyooshwa na kingine cha yasiyooshwa, nikashindwa kujua kipi ni kipi. Nikaweka upawa chini, nikamwambia fundi mkuu kwamba nimemaliza. Alidhani nimekasirika. Sikukasirika. Mpika mafuta ya risasi asiyeweza kujua kama chumvi imetoka ataozesha mitutu ya watu, na mwenye mtutu uliooza hamlaumu aliyemuuzia bunduki, anakuja kwa mpishi.

Ninyi vijana wa karakana mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Mmeniomba kwa adabu, ila najua mnavyosema nikiwapa mgongo: bibi anaonja risasi kama mchuzi. Haya, ndiyo, nilikuwa naonja, na leo nitawaeleza kwa nini. Mambo ya nani alinipandisha cheo na nani alinipa nini sitayagusa, hayatawasaidia kitu mbele ya jiko.

Jina langu Zena, nimezaliwa Mitole. Nilipoachika kwa mume wangu wa kwanza, ambaye sitampotezea wino, nilikuja Kilwa Kivinje kwa mjomba wangu, Fundi Masudi, kaka wa mama yangu. Mjomba alikuwa fundi wa bunduki. Mjerumani alikwisha kujenga boma lake mjini na kuweka askari wake njiani, lakini wawindaji wa bara walikuwa bado wanashuka na magobori yao, na yote yaliyoharibika yalipita mikononi mwa mjomba. Siku ya kwanza aliniita uani, akanionyesha chungu cheusi juu ya mafiga.

"Unajua kupika?"

"Najua, mjomba."

"Basi sahau. Hapa hatupiki kitu cha kumfurahisha mtu."

Alinieleza gobori kwa maneno machache, na mimi nitafanya hivyo hivyo, kwa maana baadhi yenu mmeanza na bunduki za kisasa na hamjui tabu. Gobori halina pa kutilia risasi nyuma. Baruti inamiminwa kwa mbele, mdomoni mwa mtutu, kisha risasi juu yake, kisha mtu anashindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma. Ukipiga, baruti inaacha masizi ndani, magumu kama ukoko wa wali. Piga mara chache tu, ukoko unakuwa mnene, risasi inakwama katikati ya mtutu, na mwindaji anabaki ameshika fimbo ya bei ghali. Dawa yake ni kuipaka risasi mafuta kabla ya kuitia. Mafuta yanalainisha ule ukoko kila risasi inapopita. Hilo tu. Lakini mafuta gani, hapo ndipo nilipomaliza ujana wangu.

Risasi zenyewe alizimimina mjomba. Aliyeyusha madini kwenye kikaango kidogo cha chuma, akayamwaga kwenye kalibu, akafungua, akatoa kigololi kinachong'aa. Mimi nilipaka. Tukishapaka, mjomba alipiga kwenye lundo la makumbi ya nazi nyuma ya nyumba, halafu alinituma nikachimbue risasi nilete. Aliigeuza vidoleni, akaingiza kitambaa kwenye mtutu, akakinusa, akakitazama juani. Hakuwa na haraka hata siku moja. Nilimwuliza mara ngapi tutapiga ndipo tujue. Akasema, mpaka nitakapoacha kuuliza.

Tulijaribu kila chenye mafuta. Mafuta ya nazi yaliyeyuka kwa joto tu, yakateremka yakailowesha baruti, bunduki ikafuka moshi badala ya kulia. Samli ililiwa na panya pamoja na mfuko uliotiwa risasi. Mafuta ya ini la papa, yaliyotoka Somanga, yalifanya kazi nzuri sana, wallahi, mtutu ulitoka safi. Lakini mwindaji wa kwanza tuliyempa aliyarudisha siku ya pili. Alisema wanyama wote wa Umatumbi wanajua sasa kwamba kuna mtu wa pwani amekuja. Mwishowe tukakaa kwenye mafuta ya ufuta yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Nta tuliipata Miteja, na ilikuja na kila kitu chake: asali, mabawa, miguu ya nyuki. Nilichuja miguu. Asali sikujali. Ilinukia vizuri, na hakuna mwindaji aliyelalamika.

Kisha vikaja vita vya maji.

Sitavieleza vita, walioviona wako na hawapendi kuvisema. Nitasema moja tu, kwa sababu limo kwenye kazi. Kabla ya mambo kuwaka, shemeji yangu, mume wa dada yangu Somoe, alikuja kutoka Mitole akakaa nasi uani. Bara habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna maji yanayogeuza risasi za askari kuwa maji. Akamkuta mjomba anayeyusha madini. Alitazama yale madini magumu yanalegea, yanang'aa, yanaanza kutembea kikaangoni. Akasema polepole, "Kumbe ni kweli."

Mjomba akamwambia, "Subiri." Akamwaga kwenye kalibu, akaacha ipoe, akafungua, akamwekea kigololi kiganjani. "Shika. Maji yako hayo."

Shemeji alikigeuza, akacheka, akakifunga kwenye ncha ya nguo yake akaondoka nacho. Sikumwona tena. Somoe naye hakumwona, hata mwili.

Vita vilipokwisha ilikuja njaa. Askari walikuwa wamechoma maghala, na mbegu watu walikuwa wameshazila. Magobori yote yalikusanywa bomani yakavunjwa. Mjomba aliitwa ayavunje, akayavunja, akarudi nyumbani akalala kifudifudi mchana kutwa. Nchi ikabaki bila watu na bila bunduki, na nguruwe mwitu wakaielewa habari hiyo kabla yetu. Zamani walikuja usiku kama wezi wenye haya. Sasa walikuja mchana kweupe, makundi kwa makundi, wakafukua mihogo kama walioilima wenyewe.

Somoe alikuwa amerudi Mitole na wanawe. Watu wengi waliokuwa majirani zake walishakwenda kwenye mashamba ya Wazungu kuchuma pamba ya watu. Nilimwomba ahamie kwangu. Akanijibu akiwa ameshika jembe.

"Zena, mihogo hii niliipanda kwa vijiti nilivyovichimbua chini ya majivu ya nyumba yangu. Ikibaki, nakaa, na vijiti vyake nitawagawia wengine warudi. Nguruwe wakiimaliza, nakwenda pamba na wanangu. Na mimi nikiondoka tena, sirudi."

Huyu ni dada yangu mkubwa. Hajawahi kusema neno akalirudisha.

Boma lilikuwa limetoa cheti cha bunduki moja kwa Mitole, ya kulinda mashamba, na cheti kilikuwa cha mtu mmoja, Mfaume. Mwingine akionekana ameishika, ni minyororo, ila fundi anapoitengeneza. Mfaume alikuwa mwindaji wa siku nyingi, mfupi, mkimya. Vitani alikuwa upande gani hakuwa amesema bado, nasi hatukumwuliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili tu, vingine vilichukuliwa na gobori lililopasuka. Kwa hiyo mdomo ndio uliokuwa mkono wake wa tatu. Alitia risasi kadhaa shavuni, akamimina baruti, akainamia mtutu akatema risasi ndani, akagonga kitako chini, pu, akapiga. Mdeki hakuugusa. Kwa namna ile aliweza kupiga nguruwe wa pili kabla wa kwanza hajatulia. Kwenye fizi zake kulikuwa na mstari mweusi, na tumbo lilimsokota mara kwa mara. Sikujua wakati ule kwamba ni sumu ya ile risasi. Ninyi mnajua, basi msitie risasi mdomoni, hata kwa mzaha.

Mihogo ya Somoe ilikomaa mwezi wa Ramadhani, kabla ya mvua za vuli. Tulimpa Mfaume risasi zilizopakwa mafuta yetu bora ya nta na ufuta. Siku ya tatu Somoe alikuja mjini kwa miguu, vumbi mpaka nyusi. Hakuomba hata pa kukaa.

"Mtu wenu amelaza bunduki chini."

Mfaume alikuwa shambani tangu alfajiri. Nguruwe wakatoka, akapiga mmoja, akatema, akapiga wa pili. Halafu akasimama. Aliilaza bunduki kwenye nyasi, akatema zote zilizobaki, akaenda kuketi kivulini. Nguruwe walikula upande wote wa chini wa shamba, naye anawatazama. Somoe alimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Alijibu neno moja tu: amesikia asali mdomoni.

Nilicheka, kwa hasira. Nilikwenda Mitole na Somoe kesho yake, nikiwa nimeyapanga matusi njia nzima. Nilimkuta Mfaume mlangoni kwake. Nikamwambia risasi mdomoni si chakula, na kama hilo linamtisha, afungue siku moja aje alipe baadaye, kuna watoto hapa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, mimi nimesilimu mwaka huu. Hii ndiyo saumu yangu ya kwanza. Safari ile, vitani, tulipewa miiko. Watu walipoanza kuanguka tuliambiwa, huyu kavunja mwiko, yule kavunja mwiko. Mdogo wangu alianguka mbele yangu, na mimi nikasimama pale nikijiuliza alivunja upi. Sitaki kujiuliza tena. Safari hii sivunji hata kidogo."

Yale matusi niliyoyapanga sikuyatumia.

Tulikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alifikiri, akasema risasi ni kama kijiwe, kijiwe mdomoni hakina neno. Lakini ladha ikiteremka kooni pamoja na mate, huyo amefungua. Basi nikawa nimepata kazi yangu imekatwa kwa kipimo. Mafuta yasiwe na ladha. Yasiyeyuke kwa joto la mdomo. Yateleze hata risasi ishuke kwa kugonga kitako tu, na yanate kiasi kwamba ukiinamisha mtutu isitoke ikadondoka. Na ukoko yaulainishe. Nusu ya shamba ilikuwa imebaki, na nusu ya mwezi. Mfaume aliishusha bunduki mwenyewe kwa mjomba, tupate ya kujaribia, akarudi Mitole.

Mjomba aliposikia alitikisa kichwa. "Hayo hayapo."

"Yapo," nikasema, "hayajapikwa tu."

Nilianza na nta peke yake, iliyochemshwa tena na tena mpaka asali ikatoka. Ladha hakuna. Lakini ilikuwa kavu, ukoko ukabaki kama jiwe, na risasi ya nne ikakwama. Nikatia mafuta ya mbarika. Yaliteleza, ila ladha yake kila mtu aliyewahi kuumwa tumbo utotoni anaijua, na kazi yake nyingine pia anaijua, na mwindaji mwenye shughuli hiyo hawezi kukimbiza nguruwe. Nikatia shahamu ya kondoo. Hiyo ilikuwa nzuri ajabu kwa mtutu, ngumu kiasi, laini kiasi. Lakini mdomoni ilikuwa nyama. Kumpa mtu aliyefunga harufu ya nyama choma tangu asubuhi hadi magharibi ni ukatili, achilia mbali saumu. Mjomba alisema mafuta yaliyo bora kuliko yote yanatembea kwenye shamba la dada yangu kwa miguu minne, na sisi ndio watu pekee duniani tusioweza kuyagusa. Nilimwambia ahifadhi mizaha yake mpaka Idi.

Shida ilikuwa kuonja. Nani ataonja mchana wa Ramadhani? Mjomba amefunga. Tukingoja magharibi, mtu akishakula uji na tende ulimi wake umechafuka, hasikii tena kitu kidogo. Ulimi unaofaa ni ulimi mkavu wa mchana. Kisha zikafika zile siku zangu za mwezi, ambazo mwanamke haswali wala hafungi. Nilikaa jikoni nikajiambia, Zena, kazi imekufuata yenyewe.

"Mjomba, kuanzia leo mimi ndiye nitakayeonja."

"Si umefunga?"

"Sifungi siku hizi."

Mjomba aligeuka akautazama ukuta kana kwamba una maandishi. "Sawa," akasema, na hatukulizungumza tena mpaka alipokufa.

Nilikula kidogo sana, mkate mkavu na maji, ili ulimi ubaki safi. Nilichukua shahamu ya mbuzi, iliyo tulivu kuliko ya kondoo, nikaiyeyusha ndani ya maji yanayochemka, nikaacha ipoe igande juu, nikakwangua uchafu wa chini, nikamwaga maji, nikarudia. Kila mara nilionja. Ile nyama ilikuwa inapungua, inapungua, mpaka ikaisha. Lakini kitu kilibaki. Kidogo, nyuma ya ulimi, kama mtu aliyekaa kimya chumbani gizani. Nikaosha tena, kikawa kile kile. Nikaosha tena, kikazidi. Hapo nikasimama. Kitu kinachooshwa hakizidi. Nikanywa yale maji niliyokuwa nikioshea, na nikayajua: kisima chetu cha Kivinje kina chumvi, tumekizoea siku nyingi hata hatuisikii. Nilikuwa ninaitia chumvi huku nikidhani naitoa. Mtutu wenyewe ulikuwa umeanza kutoa kutu pale mjomba alipoupitishia kitambaa, na sisi tulikuwa tukilaumu baruti.

Nilihitaji maji matamu, na kiangazi kile maji matamu yalikuwa kwenye kijito cha Mitole. Nikampelekea Mfaume ujumbe aniletee vibuyu viwili. Sikufikiri. Wala mjomba, wala Somoe, wala Mfaume mwenyewe hakufikiri. Sisi tulikuwa tunafikiri mafuta. Mwaka ule, baada ya vita vile, mtu wa bara akashuka barabarani na maji ya bara ndani ya vibuyu, akaenda nayo moja kwa moja kwenye nyumba ya fundi wa bunduki.

Askari mmoja alimfuata Mfaume mpaka uani kwetu. Alikuta chungu kinafuka, vibuyu viwili vimesimama, risasi zimepangwa kwenye ungo, na gobori la Mfaume limeegemezwa ukutani. Uso wake ulibadilika. Mkono wake ulikwenda kwenye bunduki yake. Watu walikuwa wamenyongwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Maji ya wapi haya?"

"Ya Mitole," nikasema. Ningesema nini kingine?

"Ya nini?"

"Ya kuoshea mafuta."

"Nani anaosha mafuta?" Hapo, kusema kweli, alikuwa na haki. "Kunywa."

Nikachukua kibuyu nikanywa mpaka nikashiba, maana yalikuwa matamu na mimi nilikuwa nimechoka na chumvi. Nikatia kidole kwenye mafuta nikakilamba. Askari akazidi kukunja uso. Alikuwa Mwislamu.

"Mwanamke, unakula mchana wa Ramadhani?"

"Nina udhuru wa kike, baba. Nikueleze?"

Akaangalia viatu vyake. Mfaume akaangalia paa. Mjomba aliipata nafasi yake hapo. Alimwambia askari kwa upole kwamba jambo lenyewe ni rahisi kulipima. Kama maji haya yanageuza risasi kuwa maji, tuone. Akachukua risasi moja niliyoipaka pale pale, askari akasimama nyuma yake ameielekeza bunduki mgongoni mwake, mjomba akapiga kwenye lundo la makumbi. Kisha akaenda mwenyewe kuchimbua, akarudi, akamwekea askari risasi kiganjani. Ilikuwa bado ya moto.

"Shika," akasema, na yale ya maji akayaacha.

Nilijua anamwona nani. Askari hakujua. Aliigeuza risasi, akaipima uzito, akairudisha. Akasema maji mengine tukiyataka twende kwanza kuomba ruhusa, akaondoka. Mjomba aliketi juu ya makumbi, na mimi nikaketi karibu naye, tukakaa hivyo mpaka moto ukataka kuzimika. Ndipo nikaamka nikauchochea, kwa sababu chungu kilikuwa kinangoja.

Kwa maji ya Mitole shahamu ilitoka nyeupe. Nilipoionja sikusikia kitu. Nikaonja tena nikitafuta, nikiwa na uchu wa kukamata kosa, sikulipata. Nikaichanganya na nta iliyooshwa kwa maji yale yale. Tulipaka risasi tukaitia mtutuni, mjomba akagonga kitako, ikashuka yenyewe. Akainamisha mtutu, haikutoka. Akapiga mpaka bega likamwuma na hakuna iliyokwama. Kitambaa kilitoka kimelowa masizi laini. Alikitazama juani muda mrefu kuliko siku zote.

"Yapo," akasema.

Lakini wa kuamua alikuwa Mfaume. Sikumwambia kitu. Asubuhi, kabla hajaanza njia ya kurudi Mitole, nilimpa risasi, naye akazitia shavuni akafunga mdomo. Alitembea mchana kutwa chini ya jua hali amefunga, risasi mdomoni, mate yakipita juu yake. Alifika kwa Somoe jua linazama. Somoe ananiambia alizitema mkononi, akazihesabu kama mtu anayehesabu watoto wake, akasema, "Hazina kitu." Ndipo akafuturu.

Kesho yake alikaa shambani. Sikuweko, nilikuwa Kivinje nikipika chungu kingine, na siku zile zilizobaki za mwezi nilifanya kazi bila kujua. Nilijua tu kwamba Somoe hajaja. Mtu akikawia unaweza kulifikiria jambo lolote. Nilimfikiria njiani na wanawe, mizigo kichwani, wanaelekea pamba.

Idi mosi alikuja. Alikuwa na wanawe wote, na kikapu kichwani, na alikuwa anatembea kama mtu anayemiliki barabara. Mfaume alikuwa nyuma yake na kofia mpya. Somoe alitua kikapu uani. Kilikuwa mihogo.

"Walikuja mara mbili," akasema. "Mara ya pili alipiga mpaka waliobaki wakasahau njia. Vijiti nimeshawagawia watu wa nyumba tatu. Wanarudi."

Aliimenya mihogo ile jikoni kwangu akaichemsha, bila chumvi, chumvi bara hawakuwa nayo bado na mimi sikutaka kuiona. Nilikuwa na nusu mwezi wa nta na shahamu na maji kwenye ulimi wangu, wiki nzima nilikuwa nikifanya kazi ya kutosikia kitu. Nilikata kipande cha muhogo wa dada yangu nikakitia mdomoni. Kilikuwa kitamu mpaka nikaweka mkono machoni. Somoe akaniuliza nina nini. Nikamwambia moto umenipulizia moshi. Hakuwa mjinga, akanisogezea kipande kingine.

Hayo ndiyo mafuta mnayoyapika mpaka leo. Mmeniuliza mbona tunasumbuka kuosha namna ile, ilhali hakuna tena mtu anayetia risasi mdomoni. Osheni. Chumvi ikitoka mtutu hauozi, na hiyo inatosha kuwa sababu. Maji yatoke bara, msichote kisima cha mjini kwa uvivu. Na mtafute mtu mwenye ulimi mzuri, mwanamke akipatikana ni bora, mmejionea wenyewe faida yake. Chungu ni kile kile cha mjomba. Kina ufa pembeni, msikijaze.

Somoe yungali Mitole, kwenye shamba lile lile. Kila Idi kikapu kinashuka kwangu, miaka yote hii, hata Mjerumani ameondoka na Mwingereza amekuja. Mwaka huu pia kilikuja. Nilimenya mihogo mwenyewe, nikaichemsha bila chumvi, nikaketi nayo uani. Sikusikia ladha yoyote. Nilikula yote.